Baiti Saba

Faili lilifika mia kwa mia na halikufunguka.
Mstari wa kijani umejaa hadi ukingoni,
chombo kimesema *tayari*, kimerudisha kishale,
kimenyamaza kama karani aliyemaliza zamu.
Mimi na Bi. Aketch wa idara ya maji
tukabaki kuitazama ramani ya bonde la Nyando
ambayo ipo, na haipo.

Nyalenda, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi.
Jioni nzima nilikuwa naipakua
kwa kompyuta isiyo na betri tangu mwaka juzi,
stima ikienda, stima ikirudi,
nami kila mara: endelea ulipoachia.
Hiyo ndiyo sifa ya chombo hiki.
Amri moja, herufi chache kwenye dirisha jeusi,
hakichoki, hakiulizi, hakidai hata senti.
Kimeandikwa na watu wasiojuana
na msimbo wake uko wazi kama sufuria ya matanga:
atakaye na afunue, aonje, aongeze chumvi.

Nikafunua.

Kwanza nilipima. Asili kule kwenye seva,
nakala huku kwangu.
Yangu imezidi kwa baiti saba.
Saba! Katika milioni mia tisa.
Ni kama mtu akuletee lori la mchanga
na wewe umgombeze kwa punje saba.
Lakini faili si mchanga.

Nikamwandikia anayekitunza chombo,
Eskil, wa nchi ya theluji.
Akajibu kwa adabu: *kwangu kinafanya kazi.*
Nilimwamini. Kwake stima haikatiki.

Ilikatika mara ngapi jioni ile?
Nikamuuliza kinyozi, maana yeye huhesabu:
kila giza ni kichwa kilichobaki nusu.
"Saba," akasema Ombima bila kufikiri,
"na wa saba aliondoka na kofia yangu."

Hapo nikaketi.

Shangazi Nerea alikuwa na ghala la mahindi Kibuye.
Alihesabu magunia kwa sauti, kidole mbele,
na mtu akimsalimu kwenye kumi na nne
aliitika vizuri, akauliza habari za watoto,
kisha akarudi: "Kumi na tano,"
kidole kikiwa bado juu ya lile la kumi na nne.
Jioni daftari lilikuwa na magunia
ambayo ghala halikuwa nayo.
Hakuwa mwizi. Alisalimiwa tu.

Mstari wa mia nne na kumi na mbili, ndani ya msimbo,
nilimkuta shangazi.
Chombo kikikatizwa, kinapima kilichonacho,
kinatoa moja, kinaomba kuanzia hapo.
Baiti ya mwisho inaandikwa tena.
Kila kukatika, moja.
Faili lilikuwa limetuhesabia giza letu
na kulibeba tumboni.

Siku tatu niling'oa waya kwa mkono,
nikachomeka, nikang'oa,
mpaka Ombima akapanda ngazi kuuliza
kama nimekosana na mashine.
Nikafuta alama mbili: kijistari, na moja.
Siku tatu, alama mbili.
Kisha nikaandika jaribio litakalokata mtandao mara saba
kila mtu, popote alipo, atakapougusa mstari ule.
Nikaliita *jioni ya Nyalenda*.
Eskil akauliza maana yake.
Nikamwambia ni aina ya hali ya hewa.

Aliyapokea mabadiliko saa nane usiku, saa zetu.
Ramani ilifunguka Alhamisi.
Bi. Aketch aliikuza mpaka akaona daraja la Ahero,
akashuka na mto, midomo ikicheza,
akihesabu nyumba zilizo chini ya mstari wa maji,
kidole kikigusa kioo:
saba, nane, tisa —

na stima ikakatika.

"Tisa," nikamwambia gizani.
"Ishike hiyo. Ikirudi, anza na ya kumi."